Sita ya wapi?

Pete ilipita ukucha, ikapita kiungo cha kwanza, ikafika kwenye kifundo cha kati cha kidole, ikagoma.

Mke wangu hakuilazimisha. Aliizungusha kulia kidogo, kushoto kidogo, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli asilolijua, kisha akanyoosha mkono chini ya taa tuitazame sote wawili. Pete ya dhahabu, haina kito, upana wake milimita sita, imekwama katikati ya safari.

"Umeagiza saizi gani?"

"Sita."

"Sita ya wapi?"

Nilifungua mdomo nikaona sina jibu. Mimi nilidhani sita ni sita. Akaivua, akaifuta alama ya vidole kwa upindo wa nguo, akairudisha kwenye kijisanduku chake. Hakunilaumu. Alisema tu, "Labda kidole changu ndicho kimekosea."

Maneno hayo nimelala nayo wiki tano.

Rula ya mtoto

Wengine wenu mmeshafanya hila hii. Unataka zawadi iwe ya kushtukiza, kwa hiyo kidole chenyewe huwezi kukishika; unavizia pete nyingine. Anayo moja ya fedha, nyembamba, upana milimita mbili, na huivaa kidole kilekile cha mkono uleule. Usiku mmoja aliiacha kando ya sinki. Nikainyakua, nikailaza juu ya rula ya plastiki ya mtoto, nikafumba jicho moja, nikasoma: kumi na sita na nusu.

Jedwali la kwanza nililolikuta kwenye intaneti likaniambia kipenyo cha ndani cha milimita 16.5 ni saizi 6 ya Marekani. Nikaagiza sita. Dakika nne hazikuisha. Nilikwenda kulala nikitabasamu peke yangu gizani.

Baada ya pete kugoma niliiomba ile ya fedha waziwazi, nikaazima kalipa, ile rula ya chuma yenye taya mbili, nikapima upya.

16.9.

Tofauti ni sehemu nne za kumi za milimita. Chukua kadi ya benki uitazame kwa ubavu: unene wake ni milimita 0.76. Kosa langu lilikuwa kama nusu ya unene huo.

Ningeweza kusingizia macho, lakini sababu ni ya kijiometri, na nilipoielewa nilicheka. Kipenyo ni mstari unaopita kwenye kitovu cha duara. Sasa pete haina alama ya kitovu. Pale katikati kuna hewa tu. Ukiiweka rula pembeni kidogo ya kitovu unapima mstari mfupi zaidi, na haiwezekani kabisa upate mrefu zaidi. Nimepiga hesabu: kwa pete ya 16.9, kukikosa kitovu kwa milimita mbili kasoro kunatosha kukupa 16.5. Kwa hiyo rula iliyowekwa pembeni ya kitovu hukosea upande mmoja tu, upande wa kubana.

Kosa linapozunguka kidole

Nikajifariji kwamba nne za kumi si kitu. Hapo ndipo pai, ile 3.14 ya duara, ilipoingia.

Kinachobanwa na pete si upana wa kidole, ni mzunguko mzima wa ngozi. Mzingo ni kipenyo mara 3.14, kwa hiyo kosa lolote la kipenyo likifika kidoleni huwa limeshazidishwa zaidi ya mara tatu. Nne za kumi zangu ziligeuka milimita 1.26 za mzingo. Kwa Wamarekani hiyo ni nusu saizi. Kwa Waingereza ni herufi nzima.

Ukianzia kwenye mzingo mambo yanageuka kuwa ya heri: ukikosea milimita moja ya mzingo, umekosea 0.32 tu ya kipenyo. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza namwambia aachane na rula juu ya pete, azungushie kidole ukanda mwembamba wa karatasi, atie alama pale ncha zinapokutana, aulaze ukanda na kuusoma.

Ukanda wa karatasi, si uzi. Nimejaribu vyote viwili na uzi ni mwongo. Uzi wa unene wa milimita moja ukizungushwa kidoleni, moyo wake unakaa nusu milimita nje ya ngozi kila upande, kwa hiyo ukiunyoosha unakuongezea kama milimita tatu ambazo kidole hakinazo. Halafu uzi huohuo huvutika ukiukaza na hurudi ukiuachia, ukapunguza kiasi ambacho hakuna ajuaye. Makosa mawili yanavutana mashati, na mimi sitaki kuwa refa.

Ngazi zenye vipandio tofauti

Hayo yote yalinieleza nilivyopima vibaya. Hayakujibu swali nililoulizwa. Sita ya wapi?

Nilianza na Marekani kwa kuwa ndiyo niliyoiagiza. Kumbe namba zao hazipimi milimita wala inchi. Zinahesabu vipandio vya ngazi. Saizi 0 ni pete yenye kipenyo cha inchi 0.458, na kila saizi nzima inapanda inchi 0.032. Ukibadilisha, ngazi inaanzia milimita 11.63 na kila kipandio ni 0.81. Sita inaangukia 16.51, saba 17.32, nane 18.14. Kanada nao wako kwenye ngazi hiyohiyo. Kwa hiyo anayesema "navaa sita" anasema amepanda vipandio sita kutoka mahali ambapo hajawahi kupaona.

Waingereza wanatumia herufi. Kiwango chao cha mwaka 1987, BS 6820, hakigusi kipenyo, kinashika mzingo. C ni milimita 40, kila herufi inaongeza 1.25, na baina ya herufi na herufi kuna nusu yake. Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini nako pete husomwa kwa herufi.

Wajapani wamerudi kwenye kipenyo, ila hatua zao ni theluthi ya milimita, wakianza na milimita 13 kwa saizi 1.

Na huko Italia, Hispania na Uswisi kuna mtindo wa kuchukua mzingo kwa milimita na kutoa 40. Kidole chenye mzingo wa 54 kinaitwa 14. Kwa nini utoe 40? Mimi nafsi yangu naona ni kwa kuwa vidole vya watu wazima vingi vinaanzia hapo na kwenda juu, na namba ndogo ni rahisi kutamka dukani. Hayo ni mawazo yangu tu, msiyabebe kama ushahidi.

Juu ya wote hawa kuna kiwango cha kimataifa, ISO 8653, ambacho nilipokisoma nilitamani kukipigia makofi. Kinasema hivi: namba ya pete iwe mzingo wake wa ndani kwa milimita. Basi. Saizi 54 ina mzingo wa 54.

Ili kujihakikishia kwamba sijachanganyikiwa, nilichukua namba moja, 16, nikaitembeza. Kama 16 ni kipenyo kwa milimita, ni pete ndogo, mzingo wake 50.3, kwa Mmarekani ni tano na kitu. Kama 16 ni ya Italia, mzingo ni 56 na Mmarekani ataiita saba na nusu. Kama ni ya Japani, kipenyo ni milimita 18 kamili, karibu na nane. Na kama mtu amekwambia 16 ya Marekani, kipenyo ni milimita 24.6, basi mwombe radhi umpime tena, au jiandae kukutana na mtu mwenye vidole kama mipini ya jembe.

Namba moja, pete nne, na hakuna hata mmoja aliyedanganya.

Mapacha wasiofanana

Nikae kidogo hapa, maana hapa ndipo nilipopoteza usingizi wa siku mbili.

Nilipozipanga saizi za Japani na za Italia bega kwa bega niligundua zinafanana mno. 5 ya Japani ina mzingo wa milimita 45.0, 5 ya Italia ina 45. Sawasawa. 14 ya Japani, 54.5, 14 ya Italia, 54. Nani atajali nusu milimita? Nikaandika pembeni ya karatasi, kwa kalamu nyekundu: *ni kitu kimoja.*

Siku ya pili nikaifuta.

Tazama kilichomo ndani. Theluthi ya milimita ya kipenyo, ukiizidisha kwa 3.14, inakupa milimita 1.047 za mzingo. Hatua ya Italia ni milimita 1 kamili. Kwa hiyo kila saizi moja, Mjapani anamtangulia Mwitalia kwa unywele, sehemu arobaini na saba za elfu za milimita. Chini ya ngazi huoni kitu. Ukifika saizi 25, mmoja ana mzingo wa 66 na mwenzake 65. Saizi nzima imeingia katikati yao bila mtu kuiona ikiingia.

Hapo nilifahamu kwamba kosa langu la fikra lilikuwa kubwa kuliko la rula. Nilikuwa nikitafuta jedwali sahihi, kana kwamba kubadilisha saizi ni kama kutafsiri neno: huku wanaita hivi, kule wanaita vile, kitu ni kilekile. Lakini ngazi mbili zenye vipandio tofauti haziwezi kulingana kila mahali. Zinakutana hapa, zinaachana pale. Jedwali likikupa jibu la namba nzima kwa kila mstari, limeficha mahali fulani kwamba limekata.

N au O

Muuzaji, nimpe haki yake, alikubali kubadilisha. Akaandika kwa ufupi: tumebakiwa na N na O, nusu hatuna, chagua.

Ndipo nikaitazama tena risiti ya pete ya kwanza. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, palikuwa na herufi moja: L.

Niliagiza sita ya Marekani, mzingo wa milimita 51.9. Kwa herufi hiyo ni L½. Wao nusu hawana. Basi wakakata, wakaniletea L, ambayo ni 51.25. Sehemu sita za kumi za milimita zikayeyuka kati ya ukurasa wa kuagizia na bahasha, na hakuna aliyeniarifu kwa sababu kwenye jedwali lao sita na L ziko mstari mmoja, zimetulia kama mtu na jirani yake.

Nikafungua majedwali manne kuona yanasema nini kuhusu saizi 7, ile niliyoitaka safari hii. Moja likasema N. Moja O. Mawili yakasema N½. Zamani ningehesabu kura. Sasa nilichukua kalamu: saba ni mzingo wa 54.4, N ni 53.75, O ni 55. Pete imesimama katikati ya mlango, mguu mmoja ndani mmoja nje. Majedwali yaliyokubali nusu yalisema kweli, na yaliyoikataa yalilazimika kusukuma, moja chini, jingine juu.

(Kwa kuwa nimeshafika huku: lipo pia jedwali la kuchapa kwenye karatasi, lenye miduara ya kuwekea pete. Nililichapa. Printa, kwa wema wake, ikalipunguza hadi asilimia 97 ili lienee ukurasani. Pete ya 17.3 ikakaa vizuri juu ya duara lililoandikwa 17.8, zaidi ya nusu saizi juu. Kabla ya kuliamini, laza kadi ya benki juu ya mstari wa kujaribia. Urefu wa kadi ni milimita 85.6, kila kadi, kila nchi. Usipolingana, tupa karatasi.)

Lakini je, nilihitaji 54.4? Pete yake ya fedha ni 16.9, mzingo wa 53.1. Kwa nini nisimpe hiyohiyo?

Chanda

Tunasema watu wawili ni chanda na pete, tukimaanisha hawaachani. Nimekuwa nikiutumia msemo huo tangu utoto bila kufikiri jambo moja la wazi: pete nzuri huvuka kifundo kwenda na kurudi. Isiyoweza kurudi hukatwa kwa koleo.

Kidole kina saizi mbili. Kuna pale pete inapokaa, kwenye shina, na kuna kifundo inapolazimika kupita. Kwa baadhi ya watu sehemu hizo zinalingana. Kwa mke wangu kifundo ni kinene kuliko shina, jambo ambalo nilipaswa kulijua baada ya miaka yote hii ya kumshika mkono. Pete ya mtu wa namna hii hufuata maafikiano: ipite kifundo kwa kusukumwa kidogo, kisha ikae shinani ikiwa na nafasi kidogo. Hakuna jedwali lenye safu ya maafikiano.

Tena kidole hakikai na saizi moja kutwa. Joto hukivimbisha, baridi hukipunguza. Asubuhi si kama jioni. Chumvi nyingi, mazoezi, ujauzito, safari ndefu ya kukaa, vyote vinaacha alama. Mkono unaoutumia zaidi mara nyingi una vidole vinene zaidi. Nilimpima siku tatu mfululizo kwa ukanda wa karatasi, asubuhi na jioni (siku ya tatu aliniuliza kama sasa ninamshonea nguo), na tofauti kati ya alama ya chini na ya juu ilizidi milimita moja. Yaani kati ya kuamka na kulala, kidole kimoja kilikuwa kinavuka karibu herufi nzima ya Waingereza.

Kwa hiyo hapakuwa na kidole kilichokosea. Kidole hakina saizi ya kukosea. Chuma ndicho kina saizi; kidole kina hali.

Bado kuna upana. Pete nyembamba ya milimita mbili inashika mstari mdogo wa ngozi, na nyama inapata pa kukimbilia, juu na chini. Pete ya milimita sita inafunika mara tatu ya hapo, nyama haina pa kwenda, na kwa kipenyo kilekile inabana. Mafundi huongeza kidogo kwa pete pana, mara nyingi nusu saizi ya Marekani. Pete ambazo tumbo lake la ndani limeviringwa kidogo hupita kwa ulaini zaidi, lakini yetu ilikuwa bapa.

Nikaweka hesabu yangu mezani. Rula iliniibia 1.26. Nusu iliyokatwa ikaniibia 0.6. Upana niliousahau ukataka 1.27. Jumla, milimita tatu na kitu. Wezi watatu wadogo, kila mmoja amechukua kiasi ambacho ningemsamehe, na wote walikuwa wakibeba kuelekea mlango uleule.

Ingetosha mmoja wao akosee upande wa pili nisigundue lolote. Hilo linanisumbua mpaka leo kuliko pete yenyewe.

Mikungu miwili

Mwishowe tulikwenda kwa sonara, jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya siku ya kwanza. Sikumwambia habari ya karatasi zangu. Nilitaka nione.

"Mama, lete mkono," akasema. Akauchukua, akakibonyeza kifundo kwa dole gumba, akavuta droo. Ndani mlikuwa na mikungu miwili ya pete za kupimia, zimetungwa kwenye waya kama funguo za mlinzi wa jengo. Mkungu mmoja pete nyembamba, mwingine pana. Sikujua kwamba iko miwili.

"Pete unayoitaka ina upana gani?"

"Sita, fundi." Mke wangu akanitupia jicho. "Milimita."

Akaanza na mkungu mwembamba, kwa mazoea tu: sita na nusu ikapita na kukaa. Akauweka kando, akashika ule mpana. Sita na nusu ikagota kwenye kifundo. Saba ikasita, ikapita, ikakaa. Saba na nusu ikazunguka yenyewe alipotikisa mkono.

"Saba. Ila rudi jioni nithibitishe, sasa hivi mmetoka kwenye baridi ya gari."

Tulirudi jioni. Saba.

Sitaficha, nilijisikia kama mwanafunzi aliyefungua kurasa za nyuma za kitabu akakuta jibu lake limo. Nikamtolea swali la N na O. Hakuuliza jedwali. Alichukua fimbo yake ya chuma, ile inayopungua unene kuelekea nchani na kuchorwa mistari ya saizi ubavuni, akaonyesha mahali kwa ukucha.

"Chukua ile ndogo. Dhahabu tupu, haina kito, naitanua hii nusu bila kuikata. Itapungua unene kidogo, hutaiona."

Nikauliza, na kama ingekuwa na vito kuizunguka yote? Akatikisa kichwa: ukitanua, vikalio vya vito vinafunguka. Na ya tungsteni? Hapo akacheka. Tungsteni haivutiki, hupasuka. Ukikosea saizi unanunua nyingine.

Pete ya N ilikuja baada ya siku kadhaa. Aliitanua tukiwa tumesimama hapohapo, akaivika kwenye fimbo, akaisoma, akaitoa, akaisukuma tena kidogo. Nilitazama mstari wake ukiteremka kwenye chuma hadi kwenye saba na kusimama. Hakukuwa na herufi wala nchi katika hilo.

Mke wangu akaivaa. Kifundoni ikasita kidogo, kisha ikateremka.

"Sita ya wapi?" akaniuliza tena, akicheka.

"Hamsini na nne na nne," nikamjibu. "Milimita. Kwa ndani."

Zamu yangu

Hili sikuwa nimelipanga. Juzi usiku nilimkuta mezani na mkasi, anakata ukanda wa karatasi kwa uangalifu wa mtu anayekata kitambaa cha bei.

"Baba watoto, leta kidole."

Akaufunga shinani, akauteremsha juu ya kifundo na kuurudisha, akasema nisikunje. Nilimwambia asikaze. Akaniambia ninyamaze. Akatia alama, akaulaza ukanda kwenye rula ya mtoto, safari hii kuanzia kwenye sifuri na si kwenye ncha ya plastiki, akaandika: 62.

Kisha akaugeuza ukanda, na upande wa pili akaandika kwa herufi ndogo: *jioni, kulia, kuna joto.*

Akautia ndani ya kijisanduku cha pete, akafunga.

"Usivae saa kesho," akasema. "Nakupima tena asubuhi."